Bwawa la Tatu

Konstebo aliyekuwa mbele alisimama maji yalipomfika magotini, akasema hasogei tena. Sajenti Theresia Komba hakumlaumu. Tangu asubuhi alikuwa akiutazama ukingo wa pili, mahali matete yalipolala upande mmoja kama yameburutiwa gunia, na kwenye matope palikuwa na mchoro mmoja mrefu, wa mkia.

"Piga fimbo hapohapo ulipo," alimwambia. "Usiinue mguu."

Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana, Mahurunga, hatua chache kutoka Mto Ruvuma. Walikuwa wakimtafuta Nuru, binti wa miaka ishirini na minne, fundi wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya mitambo ya kompyuta mjini Mtwara. Jumatatu alfajiri alikuwa kazini. Jumatatu saa mbili asubuhi hakuwa kazini, hakuwa nyumbani, na simu yake ilikuwa imezimwa. Mlinzi wa geti, Jafari, alikuwa mahabusu tangu jana. Yeye alidai kwamba alfajiri ile injinia wa zamu alimtuma nyuma ya jengo akawashe jenereta, kwa hiyo hajui nani alitoka. Injinia alisema hakumtuma. Kamera ya geti nayo ilimuunga mkono injinia: alfajiri nzima geti limefungwa, hakuna gari, hakuna mtu. Kama Nuru hakutoka getini, walisema wakubwa, basi mwenye funguo za geti anajua alikopitia.

Na kilichowaleta bwawani ni maandishi ya Nuru mwenyewe. Yalikutwa kwenye daftari lililokunjiwa ndani ya mswala wake pale kazini: *Bwawa la 3 liko 1500. Lilikuwa 1524. Nani kashusha? Vidogo vinapita, vikubwa vinazama.*

Mkuu wa Theresia aliyasoma mara mbili, akauliza kwao Nuru wanafuga nini. Alipoambiwa samaki, akaagiza gari.

Mama wa binti, Bi Zuhura, alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mgongo umenyooka. Hakuwa analia. Kila fimbo ilipogonga kitu chini ya maji mabega yake yalipanda, yakabaki juu mpaka konstebo aseme ni gogo.

Theresia alichuchumaa kando yake, akamuuliza kwa upole kama hili ndilo bwawa la tatu.

"Mwanangu, sisi tuna mabwawa mawili," alisema Bi Zuhura. "Hilo mnalolichokoa ni la mto. Hatulihesabu. Hata mbuzi hatumpeleki."

"Na hiyo elfu moja na mia tano? Ni vifaranga?"

"Vifaranga tulitia mia nne. Nusu wakaliwa na ndege."

Namba haikulingana, bwawa halikulingana. Theresia akauliza kama Nuru alikuwa na mazoea ya kuyataja mabwawa. Bi Zuhura alifikiri. Alisema akipiga simu usiku wa kazi humwambia, mama, leo bwawa linanisumbua. "Mimi namwambia avae viatu asije akateleza. Anacheka mpaka simu inakatika. Sijui alichokuwa anacheka."

Theresia aliandika neno bwawa kwenye kijitabu chake, akaandika chini yake: kazini. Kisha aliwaita wanaume watoke majini. Wakati anainuka, Bi Zuhura alimshika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi kama vya mtu mwenye homa.

"Usiniambie subira. Niambie yuko humo au hayumo."

"Sidhani kama yumo, mama."

"Basi mimi nakaa hapahapa mpaka uache kudhani."

Njiani mkuu wake alipiga simu. Hakupenda watu kutolewa majini. Alimpa mpaka jioni, na kesho, alisema, Jafari atasomewa shitaka la mauaji, mwili uwepo usiwepo.

*

Nyumba ya mitambo ilikuwa pembezoni mwa Rahaleo, jengo jeupe lisilo na madirisha. Majirani waliliita Friji. Ndani yake mashine zilipangwa kwenye rafu ndefu, na watu wa maghala, wa zahanati na wa maduka walipanga nafasi humo kama mtu anavyopanga chumba, ingawa wengi wao hawakuwahi kuliona. Wapangaji wenyewe waliliita wingu.

Kwenye ukumbi mwembamba mwanamke wa rika la Theresia alikuwa anapiga deki. Huyu alikuwa Husna, msafishaji. Ng'ambo ya ukuta wa kioo, katikati ya taa ndogondogo za rafu, alikaa Injinia Fredi, mkuu wa zamu, mgongo kwao.

Theresia alimsalimia Husna, akasema ana swali moja tu. Husna hakuinua uso.

"Niulize huku napiga deki, afande. Nikisimama atageuka."

Basi Theresia akatembea taratibu kando ya dekio, kama anayetafuta pa kukanyaga pakavu. Aliuliza kama ndani ya jengo lile kuna bwawa.

"Yako matatu," alisema Husna.

Maelezo yake yalikuja kwa vipande, kila alipokamua dekio. Wapangaji wote wanatumia waya zilezile, lakini kila mmoja lazima awe na mtandao wake, asimwone mwenzake. Mitandao hiyo haijengwi kwa waya mpya. Inachotwa kwenye akiba iliyotengwa ndani ya mashine, na kila akiba ni bwawa. Bwawa la kwanza la maghala ya korosho, la pili la zahanati, la tatu la kamera za ulinzi. Injinia Fredi huyaita pul, kwa Kiingereza. Nuru ndiye aliyesema bwawa.

"Kwa ajili yangu," alisema Husna. "Mimi darasa la saba. Aliniambia, Husna, na wewe uelewe unachofagia."

Siku nzima watu saba walikuwa wamekanyaga nyayo za mamba kwa sababu ya neno ambalo binti alilichagua ili mwenzake aelewe.

"Na elfu moja mia tano?"

Husna alitazama kioo, akarudisha macho sakafuni. Picha haisafiri nzima, alisema. Inakatwa vipande, na kila kipande ni pakiti, na pakiti iliyojaa ukubwa wake ni elfu moja na mia tano. Lakini kwa kuwa waya ni wa kuchangia, kila pakiti inavalishwa bahasha ya pili ili isipotelee kwa jirani. Bahasha nayo ina unene wake, ishirini na nne. Kwa hiyo mlango wa bwawa lazima uwe elfu moja mia tano na ishirini na nne.

"Ukishusha mlango?"

"Pakiti iliyojaa haipiti. Inatupwa, na hakuna anayeambiwa. Ndogo inapita kama kawaida."

"Ndogo kama ipi?"

Dekio lilisimama.

"Kama ile ya kamera kusema niko hai," alisema Husna. "Taa inabaki kijani, afande. Picha mpya hakuna, inaganda ya mwisho."

Theresia aliogopa kugeuka, akageuka kidogo tu. Fredi alikuwa vilevile. Akamwambia Husna aendelee na kazi. Husna aliendelea, na huku anaendelea akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Yeye ndiye anayefagia chumba cha betri za akiba. Zamani alizunguka rafu nne. Wiki iliyopita zilikuwa mbili. Alimwambia Nuru, na Jumapili usiku Nuru alikwenda kuzihesabu.

"Mwambie mtu yeyote ila usiseme ni mimi. Nina watoto."

*

Kwenye kibanda cha mlinzi Theresia aliwasha upya picha za Jumatatu. Wenzake walizitazama juzi kwa kuzikimbiza, maana saa mbili za geti lililofungwa zinachosha. Yeye hakukimbiza. Alikaa, akatazama. Saa kumi na moja na dakika nane, giza, taa ya geti inawaka. Saa kumi na mbili, giza. Saa kumi na mbili na nusu, giza lilelile, na mdudu aliyekuwa kando ya taa hajasogea hata unywele. Saa moja na dakika tano picha iliruka, na jua likawa limejaa uwanjani.

Jumatatu jua lilichomoza kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Hata Mahurunga, hata Rahaleo.

Alitoka nje, akasimama karibu na jenereta ili kelele zimfiche, akapiga simu makao ya kampuni Dar es Salaam. Alipewa fundi mkuu, Amiri, kijana wa maneno machache. Amiri alifungua kumbukumbu za bwawa la tatu. Lilishushwa saa kumi na moja na dakika nane, likapandishwa saa moja na dakika tano.

"Na nani?" aliuliza Theresia.

"Jina lililoandikwa ni Nuru, dada. Mara zote mbili."

Theresia alimwomba asikate, akarudi ukumbini, akapita karibu na Husna na kumuuliza bila kusimama: Jumatatu, saa kumi na moja na dakika nane, Nuru alikuwa wapi? Husna hakuhitaji kufikiri. Walikuwa wanaswali alfajiri, yeye na Nuru, kwenye kijichumba cha stoo. Nuru aliacha kompyuta yake wazi kama kila siku. Chumbani alibaki injinia, ambaye haswali.

Kwa hiyo Nuru alirudi kutoka kwenye swala, akakuta kazi iliyofanywa kwa jina lake, akaiandika, akaificha ndani ya mswala. Theresia alirudi kwenye jenereta, akamuuliza Amiri kama zile picha zilizotupwa zimepotea kabisa.

Amiri alisema kamera ina kadi ndani yake. Picha zisipopokelewa inazitunza saa sitini, kisha inaandika juu yake. Haizipeleki mpaka iombwe.

Theresia alihesabu kwa vidole. Ilikuwa saa kumi alasiri. Saa sitini zilikuwa zinaishia jioni hiyohiyo.

"Ziombe," alisema.

"Naomba sasa. Ila zitatokea kwenye skrini kubwa ya chumba cha mitambo. Kwa kamera hiyo hakuna pengine."

Theresia alisoma namba ya gari la polisi lililoegeshwa, akaisoma tena, kwa sababu alihitaji kitu cha kusoma. Kisha alimwambia konstebo asimame nje ya ukuta wa kioo, asiondoke hata akiitwa.

*

Mlango ulifunguka kwa kadi ya Fredi, ukajifunga nyuma ya Theresia kwa sauti ya kubana. Baridi ilimwingia kwenye meno. Fredi alikuwa mtu wa miaka arobaini, shati limepigwa pasi vizuri, sauti ya kanisani.

"Karibu, afande. Mmempata?"

Theresia alisema bado. Alisema makao makuu wanajaribu kamera, wamemwomba ashuhudie. Fredi alitabasamu.

"Nimekuona unazunguka na Husna. Amekufundisha kazi? Darasa la saba anafundisha polisi, nchi hii."

Juu ya skrini kubwa kipande cha picha kilitua, kikafuatiwa na kingine, mpaka geti likakamilika. Saa kumi na moja na dakika tisa. Fredi aliacha kutabasamu, lakini hakuacha kukaa. Picha ziliendelea kudondoka, moja baada ya nyingine. Kumi na moja na nusu. Kumi na mbili kamili, na giza sasa limepauka. Feni za mashine zilivuma, na Theresia alisikia pumzi ya yule mwanamume ikibadilika.

Saa kumi na mbili na dakika sita geti lilikuwa wazi. Saa kumi na mbili na dakika saba pikapu nyeupe ilikuwa katikati yake, nyuma imefunikwa turubai. Fredi kwenye usukani. Pembeni yake Nuru, mikono haionekani, uso umeinuliwa sawasawa kwenye kamera. Katika picha iliyofuata alikuwa bado anaitazama. Na iliyofuata. Alijua kuwa hakuna anayemwona. Alitazama hivyo hivyo.

Fredi alisimama. Alikwenda ukutani, mahali penye kifuniko chekundu, akakifunua. Juu yake palikuwa na kibao: GESI YA KUZIMIA MOTO. KENGELE IKILIA TOKA NJE MARA MOJA.

"Mlango huu unafunguliwa kwa kadi yangu, afande," alisema, bila kupaza sauti. "Hii gesi haiachi hewa. Mimi nimechoka. Wewe je?"

Ng'ambo ya kioo konstebo alikuwa anavuta mlango, haufunguki. Theresia aliyaweka macho kwenye picha, maana mpya ilikuwa inajengeka. Saa moja kasoro dakika tatu. Pikapu inarudi. Kiti cha pembeni kitupu. Na kioo cha mbele, isipokuwa pale waipa zilipopita, kilikuwa cha njano.

"Umetumia dakika hamsini, kwenda na kurudi," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Gari limejaa unga wa salfa. Mikorosho inapulizwa dawa hiyo umande haujakauka, na huwezi kufika mashambani na kurudi kwa dakika hamsini isipokuwa kwa barabara ya Naliendele. Nikipiga simu moja nitajua nani alipuliza Jumatatu. Kwa hiyo hata ukibonyeza, tunamfuata. Tofauti ni kama tutamkuta hai."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Mlango ulilia. Husna alikuwa amesimama pale, kadi yake ya usafi mkononi, dekio mkono wa pili, mdomo umekauka. Nyuma yake konstebo alipita kwa nguvu, akamshika Fredi mkono na kuuzungusha mgongoni. Fredi hakushindana. Alimtazama Husna tu, kwa mshangao, kama mtu aliyesemeshwa na kiti.

"Humu namo nafagia, injinia," alisema Husna. "Ulisahau."

Theresia alimsogelea Fredi mpaka akasikia harufu ya pasi kwenye shati. Alimuuliza Nuru yuko wapi. Fredi alisema kuna shamba alilolikodi, nyuma kuna stoo yenye mlango wa bati, betri ziko humo. Alisema hakumgusa, alimfungia tu, alitaka muda wa kuuza zilizobaki avuke mpaka.

"Ulimwachia maji?"

Fredi aligeuza uso.

*

Walifika Naliendele jua likiwa bado juu ya mikorosho. Majani yalikuwa ya njano kama yamenyunyiziwa unga. Stoo haikuwa na dirisha. Theresia aligonga, akaita jina, akaweka sikio kwenye bati lenye moto wa mchana. Hakusikia chochote. Aliita tena, akajitaja yeye ni nani, akamtaja Bi Zuhura.

Konstebo alivunja kufuli kwa chuma cha jeki. Harufu iliwapiga kwanza, kali kama viberiti elfu vilivyowashwa pamoja. Betri zilipangwa mpaka darini. Magunia mawili ya salfa yalikuwa yamepasuka, na unga umetanda kila mahali isipokuwa mstari mmoja sakafuni, mahali mtu alipojiburuta kuja mlangoni. Nuru alikuwa amelala hapo, uso kwenye ufa wa chini, ambako hewa iliingia. Kamba ilikuwa bado kwenye vifundo vya mikono. Midomo ilikuwa imepasuka, na kope zilikuwa za njano.

Theresia alipiga magoti, akaweka mgongo wa mkono mbele ya pua yake. Alingoja. Akangoja tena, na katika kungoja huko aliogopa kuliko alivyoogopa mbele ya kifuniko chekundu.

"Anahema," alisema.

Walimbeba hadi kwenye kivuli, konstebo akapiga simu ya gari la wagonjwa. Theresia akampigia Bi Zuhura. Simu ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili. Alimwambia tumempata, yu hai. Sauti ya upande wa pili ikasema, taratibu sana, kwamba watu wameshamwambia mengi siku hizi tatu.

"Iweke mdomoni kwake," alisema Bi Zuhura.

Theresia aliiweka. Nuru alijaribu kusema, lakini koo lilikuwa limeungua na hakikutoka kitu ila pumzi, kavu, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni. Mama alisikiliza. Alisikiliza muda mrefu mpaka Theresia akadhani simu imekatika.

"Ni yeye," alisema. "Hivyo ndivyo anavyohema akiwa na pumu, tangu mdogo. Mpeni maji. Kwa kijiko, jamani, msimpe kikombe, atapaliwa."

Hapakuwa na kijiko. Konstebo alikimbia kuelekea nyumba iliyokuwa ng'ambo ya shamba. Theresia hakumngoja. Alimimina maji ya chupa kwenye kiganja, akachovya kidole, akakiweka juu ya mdomo uliopasuka, tone likashuka pembeni na kupotea kwenye vumbi la njano. La pili nalo likapotea. Simu ilikuwa bado wazi juu ya majani.

Tone la nne, Nuru alimeza.